Kupiga mpira kwa kichwa: hatari iko wapi hasa?

Ukitaja kuumia ubongo kwenye soka, wengi huwaza mabeki wawili waliorukia krosi moja wakagongana vichwa. Hilo lipo, na huitwa mtikisiko wa ubongo. Ila kinachowashughulisha zaidi watafiti siku hizi ni vile vichwa vya kawaida ambavyo mchezaji hupiga kwa maelfu tangu utotoni bila kuumwa popote.

Ubongo unaelea ndani ya majimaji, kama kiini ndani ya yai. Kichwa kikisimama au kuzunguka ghafla, wenyewe huendelea kusogea na nyuzi zake laini huvutika. Pigo likiwa kubwa utaona dalili: kichwa kuuma, kizunguzungu, kutapika, mwanga kukera macho, mtu kuuliza matokeo mara tatu. Wengi hawazimii, na hapo ndipo viwanja vyetu vinakosea. Mchezaji anamwagiwa maji kichwani, akiweza kusimama anapigiwa makofi, mechi inaendelea. Anatakiwa atoke na asirudi siku hiyo, maana pigo la pili kabla ubongo haujapona linaweza kuwa baya kuliko la kwanza. Na ile kofia laini aliyoivaa kipa Petr Čech baada ya kuvunjika fuvu mwaka 2006? Inalinda mfupa; ubongo ndani yake bado unaweza kutikisika.

Sasa turudi kwenye mapigo madogo. Jeff Astle, straika wa West Bromwich Albion na England aliyesifika kwa vichwa, alifariki mwaka 2002 akiwa na miaka 59, akiwa ameshaugua dimenshia, yaani ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu na uwezo wa kufikiri. Uchunguzi rasmi wa kifo chake uliamua kwamba ugonjwa huo ulitokana na kazi yake. Ubongo wake ulipochunguzwa upya, mwaka 2014 ikatangazwa kuwa alikuwa na ugonjwa uliozoeleka kwa mabondia, ambao hauthibitishwi mpaka mtu afe.

Mwaka 2019, Chuo Kikuu cha Glasgow kilichapisha utafiti wa wachezaji 7,676 wa zamani wa Scotland. Walikuwa wamekufa kwa magonjwa ya kuharibika ubongo mara 3.5 zaidi ya watu wengine. (Kwa moyo na saratani ya mapafu walikufa wachache zaidi, kwa hiyo soka lenyewe si adui.) Miaka miwili baadaye wakatenganishwa kwa nafasi walizocheza uwanjani: makipa hawakutofautiana sana na watu wa kawaida, mabeki walifika karibu mara 5. Hakuna aliyehesabu vichwa walivyopiga, kwa hiyo kesi haijafungwa. Lakini anayedaka kwa mikono ndiye aliyesalimika, na mimi sioni bahati hapo.

Wapo wanaosema hayo yalikuwa ya mpira wa ngozi wa zamani. Mpira ule ukiwa mkavu ulikuwa na uzito karibu sawa na wa leo, gramu 410 hadi 450. Uzito ulizidi uliponyonya maji. Wa sasa haunyonyi hivyo, ila unakuja kwa kasi.

Cha kuangalia zaidi ni mazoezi. Watoto wamepanga foleni, kocha anarusha mpira kwa mkono, kila mmoja vichwa kumi, kisha zamu inaanza upya. Jioni moja inazidi mechi kadhaa. Marekani ilipiga marufuku vichwa kwa watoto wa miaka 10 kushuka chini mwaka 2015. England, Scotland na Ireland Kaskazini zikaviondoa kwenye mazoezi ya watoto wa shule za msingi mwaka 2020. Kwa wakubwa, England tangu 2021 inashauri visizidi 10 kwa wiki mazoezini, kwa maana ya vichwa vizito: vya kona, krosi na mipira mirefu.

Mtoto wa miaka tisa anaweza kujifunza kuupima mpira, kukaza shingo na kugusa kwa paji la uso akitumia puto au mpira mwepesi wa plastiki, dakika chache tu. Kona zitamsubiri akue.