Jini Mahaba Awe na Sheria Zake

Kazi yangu ni kuhariri chombezo, na ndani ya chombezo nimejikita kwenye aina moja: hadithi za mahaba za watu wazima zinazosimama juu ya jambo lisilokuwepo. Majini, viumbe wa sayari nyingine, mashine zenye hisia, wafu wanaorudi kwa wapenzi wao. Miswada hunijia kwa WhatsApp, sehemu kwa sehemu, na kila mwandishi namuuliza swali lile lile: ukimtoa huyu jini, ukamweka kijana wa kawaida wa Tandika, ni kitu gani kitabadilika pale kitandani?

Mara nyingi hakibadiliki kitu. Jini anatokea na harufu ya udi, kifua kipana, macho ya dhahabu. Wanalala, alfajiri anapotea. Huyo ni kijana wa Tandika aliyejifukiza. Hadithi inaweza kuwa tamu kwa namna yake, lakini ajabu iliyomo ni pambo, na msomaji wa aina hii analihisi hilo upesi kuliko mwandishi anavyodhani.

Sasa mtazame jini mahaba kama anavyosimuliwa pwani kwetu. Humpenda binadamu, humjia usingizini, humwonea wivu, humvurugia uchumba na ndoa. Humo mna sheria tayari, na sheria hizo ndizo zinazozaa ashiki. Ikiwa mlango wake ni usingizi tu, basi mwanamke anayejilaza saa nane mchana, nyumba ikiwa kimya, ameshaamua jambo. Kurudisha pazia, kulegeza kanga, kuweka shavu kwenye mto, kila kitendo kidogo ni kukubali. Na akiamua kukesha usiku kucha kwa kahawa, huko ni kukataa, au ni kumtesa kidogo mpenzi anayesubiri upande wa pili wa usingizi. Kurasa tatu nzima zinaweza kupita kabla jini hajafika, na msomaji ameshapata joto.

Hilo ndilo ninalolitafuta: sheria ya ulimwengu wa hadithi iwe ndani ya tamaa yenyewe. Isikae nje ikiangalia.

Wamarekani walilifikia hili kwa njia ndefu. Mwaka 1952 Philip José Farmer alichapisha “The Lovers” katika jarida la Startling Stories, baada ya wahariri wawili wakubwa wa wakati ule, John W. Campbell na H. L. Gold, kuikataa. Mwanamume wa dini kali, aliyelelewa kuuogopa mwili, anampenda mwanamke wa sayari nyingine, ambaye kimaumbile si binadamu. Anatoka katika jamii ya viumbe walio karibu na wadudu, walioiga umbo la mwanamke. Viumbe hao wakishika mimba hufa, na kinachowazuia kushika mimba ni pombe. Mwanamume anadhani mpenzi wake ni mlevi. Kwa huruma, anambadilishia kinywaji kwa siri. Huhitaji kuambiwa kinachofuata. Mapenzi yao, kosa lake, na baiolojia ya kiumbe vimefungwa kwenye fundo moja, na ukiitoa sayari ile hadithi yote inamwagika. Kuhusu tendo lenyewe Farmer hakuthubutu kusema mengi. Hata hivyo mlango alikuwa ameufungua.

Ilibidi ifike 1992 ndipo Cecilia Tan alipoanzisha Circlet Press huko Massachusetts, kampuni ya uchapishaji iliyojitolea kwa hadithi za mahaba za kisayansi na kifantasia peke yake. Wachapishaji wa bunilizi ya kisayansi waliona maandishi ya namna hii yana ngono nyingi mno. Wale wa vitabu vya ngono hawakutaka anga wala uchawi. Akaanza na kijitabu chake mwenyewe. Namtaja kwa sababu waandishi wetu wako hapo hapo leo: kundi la riwaya linawaambia waende kwenye chombezo, kundi la chombezo linawauliza kwa nini mambo ya anga yamejaa.

Katika jambo moja lakini, anayeandika kwa Kiswahili ametangulia. Mwaka 1969 mwandishi wa Marekani Ursula K. Le Guin aliandika riwaya kuhusu watu wasio na jinsia isipokuwa siku chache kila mwezi, na hata hapo mtu anaweza kuwa mke safari hii na mume safari nyingine. Kiingereza kikamlazimisha achague kiwakilishi, akachagua cha kiume, akalaumiwa kwa miaka mingi. Sisi tunasema “alikuja, akaketi, akanitazama,” na jinsia haijatajwa popote. Mwandishi anaweza kumficha kiumbe wake hadi mwili wenyewe uamue, na msomaji asihisi kwamba anachezewa.

Kuna na zaidi ya hapo. Mashine ni “i-”, mtu ni “a-”. Niliwahi kupata mswada wa fundi wa kike na roboti inayomsaidia karakana: inabeba, inashika taa, inafuta grisi mezani. Katikati ya usiku mmoja, bila maelezo yoyote, sentensi ikasema “akanifuta shavu.” Nilisimama hapo. Fundi ameshapenda kabla hajajijua, na silabi moja imetoa siri. Tangu hapo nawaambia waandishi wa mashine na vivuli: chagua mahali pamoja pa kuvuka, na ukishavuka usirudi nyuma, ila kama mhusika amekasirika na anataka kuumiza.

Faida hiyo ina gharama yake. “Akamshika, akamvuta, akamlaza.” Nani na nani? Kwenye tendo la watu wawili, wote “a-”, wote “m-”, msomaji anapotea sekunde ile ile anayotakiwa kuwa amezama. Dawa ya haraka ni kumfanya mmoja awe “mimi”. Dawa bora ni mwili: kama mmoja ni nguva, basi yaseme mapezi, chumvi kwenye ngozi, ubaridi wa vidole vyake. Kiumbe akiwa na mwili wa kwake, hukosei ni nani anayegusa.

Kuhusu maneno ya mwili sina mengi. Ya kitabu cha baiolojia yanapoza chumba, matusi ya mtaani yanafaa mdomo wa mhusika fulani tu, na mafumbo tunayo mengi: taarabu na kanga zimeyahifadhi, na makungwi wamefundisha watu wazima mambo haya kwa ngoma na nyimbo tangu enzi na enzi. Bi Kidude wa Zanzibar, aliyefariki 2013, alikuwa bingwa wa ngoma za unyago hadi uzeeni. Chukua rejista moja, yaani mtindo mmoja wa lugha, ishike. Na jini wa miaka mia nne asiongee kama kijana wa kijiweni.

Nikae kidogo kwenye ridhaa, kwa sababu ndipo ninaporudisha miswada mingi zaidi. Ajabu ni hatari hapa. Inampa mhusika uwezo wa kusoma mawazo, kuingia ndotoni, kumfunga mtu kwa limbwata, na mwandishi anasahau kuuliza kama aliyefungwa angekubali. Limbwata likifanya kazi kweli, aliyelishwa hana hiari, na mwandishi akilipamba tendo hilo kama mahaba matamu namrudishia kazi yake. Namwomba ajaribu hivi: wote wawili wajue kilichomo ndani ya chakula, wale pamoja. Au limbwata liishe nguvu katikati ya usiku, kila mmoja alazimike kuchagua upya akiwa na akili zake. Njia zote mbili huwa na joto kuliko ile ya kwanza, maana mtu aliyechagua ana kitu cha kupoteza. Msoma mawazo naye aulize kwa sauti. Wazo lililopita kichwani si ruhusa.

Na kuna mlango nimeufunga kabisa: kiumbe “wa miaka mia tano” mwenye umbo au mwenendo wa mtoto. Sihariri, sijadili. Wahusika ni watu wazima kwa umri, kwa umbo na kwa akili.

Kuuza ni shida ya aina nyingine. Vitabu hivi vinaishi kwa hisani ya kampuni za malipo. Februari 2012 PayPal iliiamuru Smashwords, duka la vitabu vya kielektroniki, iondoe hadithi zenye maharimu, ubakaji na ngono na wanyama. Papo hapo likaibuka swali lililowahusu watu wa aina yetu: anayegeuka mbwa mwitu ni mtu au mnyama? Kelele zikapigwa, na Machi PayPal ikalegeza, ikasema itashughulika na vitabu vyenye picha zinazoweza kuvunja sheria, maandishi matupu yaachwe. Julai 2025 yakajirudia mengine: kampeni ya kikundi cha Australia ilizibana kampuni za malipo, na itch.io, tovuti ya kuuzia michezo ya kompyuta na vitabu, ikaondoa kazi zote za watu wazima kwenye utafutaji wake kwa mkupuo. Kwa hiyo usiweke kazi yako yote kwenye duka moja, na usikose orodha yako mwenyewe ya namba za wasomaji.

Hapa nyumbani ongeza sheria. Tanzania ina Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, inayokataza kuchapisha ponografia kupitia kompyuta. Sifanyi mzaha na hilo: muulize mwanasheria kabla ya kuchapisha, usitumie picha za mwili kwenye jalada, na usimtupie mtu kazi yako bila yeye kuiomba. Alama ya 18+ iwe juu kabisa, kabla ya aya ya kwanza.

Matangazo ya kulipia ya Facebook hayapokei kazi za namna hii, kwa hiyo kinachokuuzia ni sehemu ya kwanza yenyewe. Iwe bure. Isiwe na tendo. Iwe na sheria ya ulimwengu wako na mtu mmoja anayetaka kuivunja. Jalada lioneshe ajabu, yaani bahari, chetezo, mtambo, ili anayetafuta chombezo la kawaida apite na wako asimame. Kwenye maelezo taja waziwazi kilichomo: jini, wanawake wawili, utumwa, kifo, chochote ambacho mtu angependa kukijua mapema, kwa kutafuta au kwa kukwepa. Sehemu zinazofuata ziuzwe kwa M-Pesa au Airtel Money, fupi na kwa bei ndogo, kwa sababu PDF nzima ikishanunuliwa na mmoja itasambaa kwenye makundi kabla ya jioni. Na neno “itaendelea” liwekwe pale mhusika alipofanya uamuzi, mkono ukiwa umeshafungua kitasa. Ukikata kabla hajaamua, wasomaji wanahisi umewanyima, na wiki ijayo wengi wao hawalipi.