Ugomvi wa nyumbani unavyochelewesha kidonda kupona

Mgonjwa wa kidonda sugu akiingia kliniki kwangu, namuuliza habari za sukari, sigara, chakula na dawa. Kisha namuuliza anaishi na nani, na wanaelewana vipi. Wengine huona naingilia yasiyonihusu. Mimi nasema ni swali la kitabibu, na madaktari tunalipuuza mno.

Mwaka 2005, Janice Kiecolt-Glaser na wenzake wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Ohio, Marekani, walichapisha utafiti wa wanandoa 42. Kila mume na mke walilazwa hospitalini mara mbili. Walitengenezewa malengelenge madogo mkononi kwa kifaa cha kufyonza ngozi, kisha wakaketi kuzungumza: safari ya kwanza watiane moyo, safari ya pili wajadili jambo linalowagombanisha. Baada ya mjadala wa ugomvi, vidonda vilichelewa kufunga. Na kwa wanandoa waliozoea kurushiana maneno ya chuki, vilipona kwa kasi ya asilimia 60 tu ukilinganisha na wenzao wapole. Hakuna aliyepigwa hata kofi!

Ubongo ukihisi tishio, tezi za adrenali zilizo juu ya figo huamriwa kumwaga homoni ya kotisoli. Ikizidi, huzituliza seli za kinga wakati zinahitajika kazini. Kidonda kipya huhitaji kemikali za kuita seli hizo zije kusafisha na kujenga. Kule Ohio, baada ya ugomvi kemikali hizo zilipungua palepale kwenye kidonda, huku kwa wanandoa wenye chuki zikipanda ndani ya damu asubuhi yake. Hili la damu ndilo linalonitia hofu zaidi, kwa sababu zikibaki juu muda mrefu huambatana na magonjwa ya moyo na kisukari.

Mahusiano mema nayo hufika mwilini. Mtafiti wa saikolojia wa Marekani, James Coan, katika utafiti wa mwaka 2006, alipima ubongo wa wanawake walioolewa wakisubiri kupigwa shoti ya umeme. Walipomshika mume mkono walitulia kuliko waliposhika mkono wa mtu wasiyemjua, na ndoa ilivyokuwa nzuri ndivyo utulivu ulivyozidi.

Kwa hiyo ninapobadilisha bandeji simtoi nje aliyemsindikiza mgonjwa. Ila kwanza namuuliza mgonjwa faraghani kama anamtaka karibu. Wapo wanaotikisa kichwa. Hao, pamoja na dawa zao, nawapangia miadi ya ushauri nasaha wiki hiyohiyo.