Je, wajua kwa nini mzinga wa Arsenal uligeuka mwaka 2002?

Chukua jezi ya Arsenal ya 1998 na ya 2003, uzilaze pamoja. Kwenye nembo ya kwanza, mdomo wa mzinga, ile silaha ya klabu, unaelekea kushoto kwako wewe unayetazama. Kwenye ya pili unaelekea kulia. Ngao ya zamani imejaa vitu: jina la klabu kwa herufi za kale zenye mikia, utepe wenye maneno ya Kilatini, nembo ya mtaa wa Islington, na vidoa vya manyoya ya ermine, pambo la ngao za mabwana wa Uingereza. Kwenye ngao mpya mapambo hayo yameondoka, na kilichosalia ni jina na mzinga.

Vijiweni kuna majibu mawili. La kwanza linasema mzinga uligeuzwa ili uulenge uwanja wa Tottenham. La pili linasema wamiliki walitaka kuuza jezi mpya. La kwanza ni hadithi tamu isiyo na mguu wa kusimamia. La pili lina ukweli, ila linaruka sababu yenyewe.

Tuanze na Tottenham, maana hadithi hii haikubali kufa. Uwanja wa zamani wa White Hart Lane ulikuwa karibu kilomita sita kutoka Highbury, uwanja wa Arsenal wa wakati huo, kaskazini kwa kuchepukia mashariki kidogo. Anayeipenda hadithi hii atashika hilo neno "mashariki", kwa kuwa kwenye ramani kulia ni mashariki. Lakini nembo si ramani. Imeshonwa kifuani mwa mtu anayekimbia, na mchezaji akigeuka, mzinga nao unageuka. Historia yenyewe pia inaipinga. Mzinga wa kwanza wa peke yake, ulioanza kutumika msimu wa 1922-23, ulielekea kulia. Mwaka 1925 ukaja mwingine mwembamba zaidi, ukielekea kushoto. Kama mwelekeo ni shabaha, basi Arsenal walisitisha vita na jirani yao kwa miaka 77, kuanzia 1925 hadi 2002. Hakuna shabiki wa upande wowote atakayekiri kuiona amani hiyo.

Na kabla ya hapo mizinga haikuelekea upande wowote ila juu. Klabu ilianzishwa mwaka 1886 na wafanyakazi wa kiwanda cha silaha cha Royal Arsenal huko Woolwich, kusini mashariki mwa London, na nembo yake ya 1888 ilifuata nembo ya mji huo: nguzo tatu zilizosimama wima. Wengi huziona nguzo hizo wakadhani ni dohani za kiwanda. Kosa hilo linasameheka, kwa kuwa klabu ya wafanyakazi wa kiwanda kuweka dohani kwenye nembo lingekuwa jambo la kawaida kabisa. Lakini tazama vizuri, utaona vichwa vya simba vilivyochongwa na kile kifundo cha kitako cha mzinga. Dohani haina vitu hivyo. Klabu ilipohamia Highbury mwaka 1913, nembo ya Woolwich ilipoteza maana, na ndiyo maana miaka tisa baadaye ukaja mzinga mmoja uliolala.

Kwa nini basi kushoto, kisha kulia? Kwenye sanaa ya ngao za Ulaya, kulia na kushoto huhesabiwa kwa upande wa aliyeishika ngao, si wa anayeitazama. Upande wa heshima ni kulia kwake, yaani kushoto kwako wewe. Simba, farasi au silaha huchorwa ikielekea huko, isipokuwa kama imeagizwa vinginevyo. Ngao ya 1949, ile yenye Kilatini, ilichorwa kwa kuiga sanaa hiyo, na mzinga wake ukatii kanuni. Nembo ya 2002 imechorwa kwa mtindo wa alama ya biashara, na wachoraji wa alama hufuata jicho la msomaji, linalotoka kushoto kwenda kulia: kinachoelekea kulia huonekana kinasonga mbele. Maelezo haya tusiyavute kupita kiasi, maana mzinga wa 1922 nao ulielekea kulia na haukuwa na biashara kubwa nyuma yake. Yanafafanua mantiki ya michoro miwili, hayathibitishi nia ya aliyeshika kalamu.

Sasa tuje kwenye sababu yenyewe, ambayo iko kwenye sheria. Klabu ilieleza kwamba ngao ya zamani haikuweza kulindwa kwa hakimiliki, kwa kuwa ilikusanya vipande vingi vilivyoingia kwa nyakati tofauti na asili yake haikuwa wazi.

Fikiria shamba la ukoo lisilo na hati. Kila mtu anajua ni la nani. Babu alipanda miembe, shangazi akaongeza minazi, na kisima kilichimbwa na jirani kwa makubaliano ya mdomo. Miaka yote hakuna tatizo. Siku akija mtu akaanza kuchuma maembe na kuyauza getini, unakwenda mahakamani, na swali la kwanza si shamba ni la nani. Utaulizwa: mwembe huu alipanda nani, lini, na karatasi ya kukukabidhi iko wapi? Ukikosa jibu kwa mti mmoja, mchumaji atasimama chini ya mti huohuo.

Hakimiliki ya mchoro huenda vivyo hivyo. Kwa sheria ya Uingereza huanza kwa aliyechora, na hudumu hadi miaka 70 baada ya kifo chake. Akiwa mwajiriwa aliyechora kama sehemu ya kazi yake, haki ni ya mwajiri. Asipokuwa mwajiriwa, lazima kuwe na hati ya kuihamisha, iliyoandikwa na kutiwa saini. Ngao ya 1949 ina kauli mbiu iliyotoka kwa mhariri wa jarida la mechi, Harry Homer, msimu wa 1947-48: Victoria Concordia Crescit, ushindi hukua kwa mapatano. Nembo ya Islington ni mali ya mamlaka ya mtaa. Mzinga ulishachorwa mara mbili kabla. Kuunganisha mnyororo huo wa saini nusu karne baadaye ni kazi ngumu. Kuchora nembo mpya, kwa mkataba mmoja na tarehe moja, ni rahisi zaidi.

Hapa wengi huchanganya, wakasema Arsenal hawakumiliki chochote. Si kweli. Hakimiliki hulinda mchoro kama kazi ya mtu. Alama ya biashara hulinda ishara inayomwambia mnunuzi bidhaa imetoka kwa nani, nayo husajiliwa kwa ada na kuhuishwa kila baada ya miaka 10, bila kuuliza aliyechora ni nani. Arsenal walikuwa wamesajili jina, mzinga na ngao mwaka 1989. Udhaifu wa kinga hiyo ulionekana kwenye kesi dhidi ya mchuuzi aliyeuza skafu na jezi zisizo rasmi nje ya Highbury tangu 1970. Mwaka 2001 Mahakama Kuu ilikubaliana naye katika hoja kuu: shabiki anayevaa nembo anaonyesha mapenzi, hasemi bidhaa imetoka klabuni. Novemba 2002 Mahakama ya Haki ya Ulaya ikaipa klabu haki, na 2003 Mahakama ya Rufaa ya Uingereza ikamaliza mjadala upande huohuo.

Angalia tarehe. Nembo mpya ilianza kuvaliwa msimu wa 2002-03, yaani ilitangazwa baada ya kushindwa kwa 2001 na kabla ya ushindi wa Novemba 2002. Kwa hiyo anayesema hukumu ya Ulaya ndiyo iliyoizaa nembo amegeuza kalenda. Kesi inaonyesha hofu iliyokuwapo. Haitoshi kuwa ushahidi kwamba ndiyo iliyotoa agizo.

Ipo na sababu ya fundi wa nembo, ndogo lakini inapimika. Nembo ya kifuani huwa na urefu wa takriban sentimita 8. Uzi wa kawaida wa mashine ya kudarizi una unene wa karibu milimita 0.4, na mstari ukipungua milimita 1 huanza kumezwa na kitambaa. Herufi iliyo chini ya milimita 4 au 5 hujaa uzi katikati: e inakuwa doa, a inakuwa doa. Kauli mbiu ile ina herufi 24 na nafasi mbili. Itandaze kwenye utepe wa sentimita 6, kila herufi inapata kama milimita 2.3. Ongeza vidoa vya ermine na mikia ya herufi za kale, mashine itapiga mishono mingi mahali padogo na kitambaa chepesi cha jezi kitavutika na kukunjamana. Nembo ya 2002, yenye herufi nene zisizo na mikia, haina taabu hizo.

Chama huru cha mashabiki kililalamika kwamba hakikushirikishwa, na malalamiko hayo yalikuwa na msingi. Kisha ukaja msimu wa 2003-04, mechi 38 za ligi bila kupoteza hata moja, na kelele zikapungua. Nembo mbaya ya timu isiyofungika hupendeza haraka.

Mwaka 2011, kwa miaka 125 ya klabu, ngao ilizungushiwa majani 15 ya mwaloni na 15 ya mlaureli, kwa heshima ya wanaume 15 walioanzisha klabu. Msimu wa 2024-25 jezi ya nyumbani ilibeba mzinga peke yake, jambo lililokuwa halijaonekana tangu 1989-90.

Tarehe hiyo ya mwisho, 1989-90, ina faida kwa wanaonunua jezi za zamani. Kwa miaka mingi nembo haikukaa kifuani kabisa, isipokuwa kwenye matukio kama fainali za Kombe la FA. Timu iliyotwaa ligi na kombe mwaka 1971 ilivaa mzinga mtupu, bila ngao wala Kilatini. Ukiuziwa jezi "halisi ya 1971" yenye ngao kamili na utepe wake, imeshonwa baadaye sana.