Je, wajua kwa nini "malalamiko yako hayana mashiko" si jibu linalotosha?

Tuchukue mfano wa kubuni. Mama anauza dagaa pale soko la Mwaloni, Kirumba, jijini Mwanza. Alikopa shilingi 80,000 kwenye programu ya simu, akachelewesha marejesho kwa wiki moja. Asubuhi moja wateja wake wa Geita na Kahama, fundi wa mitumbwi na hata mwalimu wa mwanawe wanapokea meseji inayotaja jina lake na deni lake. Anapeleka malalamiko kwa mamlaka inayohusika na taarifa binafsi. Baada ya muda inakuja barua yenye mistari miwili: "Malalamiko yako yamepitiwa na kubainika kuwa hayana mashiko. Shauri limefungwa." Chini yake sahihi na mhuri.

Je, mamlaka inaruhusiwa kuishia hapo? Hairuhusiwi, na chanzo cha katazo hilo kiko kwenye Katiba. Ibara ya 13(6)(a) ya Katiba ya Tanzania inampa mtu haki ya kusikilizwa kwa ukamilifu pale haki zake zinapoamuliwa na mahakama au chombo kingine, na pia haki ya kukata rufani au kupata nafuu nyingine ya kisheria. Haisemi popote kwamba lazima sababu zitolewe. Pengo hilo lilizibwa na Mahakama Kuu katika shauri la Tanzania Air Services Ltd dhidi ya Waziri wa Kazi, lililochapishwa katika ripoti za sheria za mwaka 1996. Waziri alikuwa ameamua mgogoro wa ajira bila kueleza kwa nini. Jaji Barnabas Samatta, ambaye baadaye alikuwa Jaji Mkuu, alikataa msimamo wa zamani kwamba chombo cha utawala hakina wajibu wa jumla wa kutoa sababu. Hoja yake ni nyepesi kuielewa: rufani ni kuonyesha uamuzi umekosea wapi, na huwezi kuonyesha kosa la hoja ambayo hujawahi kuiona.

Kwa malalamiko ya faragha, hoja hiyo ina uzito wa pekee. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inampa mlalamikaji njia ya kwenda kwenye Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, na asiporidhika, Mahakama Kuu. Lakini katika mashauri haya ushahidi mwingi hauko mikononi mwa mlalamikaji. Kumbukumbu za mfumo, mikataba kati ya mkusanyaji wa taarifa na mchakataji anayezishughulikia kwa niaba yake, orodha ya waliofungua faili: vyote viko upande wa pili. Anayechunguza ndiye aliyeviona. Asipoeleza alichokiona, mama wa Mwaloni anabaki gizani kuhusu taarifa zake mwenyewe.

Sababu zinazotosha si lazima ziwe ndefu. Ukurasa mmoja unaweza kutosha, na hakuna anayedai kila sentensi ya mlalamikaji ijibiwe. Kinachotakiwa ni hoja kuu ijibiwe, ushahidi uliotegemewa utajwe, kifungu cha sheria kionyeshwe, na msomaji aone jinsi kimoja kilivyozaa kingine. Hiki cha mwisho ndicho kinachokosekana mara nyingi. Barua inaeleza malalamiko vizuri, inanukuu kifungu vizuri, kisha inaruka moja kwa moja kwenye "hivyo basi, malalamiko yametupwa". Kinachopaswa kuwa kati ya kifungu na "hivyo basi" hakipo, na hicho ndicho sababu yenyewe.

Sasa soma barua nyingine, nayo ya kubuni, ambayo pia inamkatalia yule mama: "Picha za meseji ulizoleta zinaonyesha zilitumwa kutoka namba ambayo haikusajiliwa kwa mkopeshaji uliyemtaja. Mkopeshaji amekana kuitumia. Hatukupata ushahidi mwingine unaoiunganisha naye." Ameshindwa, lakini ameonyeshwa tundu la wavu liko wapi. Anaweza kurudi kwenye miamala ya simu yake na kukuta namba ileile ndiyo aliyoelekezwa kurejeshea deni. Hapo ana la kusema mbele ya jaji.

Wenzetu wa ng'ambo ya ziwa, Kisumu na Homa Bay, wana kauli iliyo wazi zaidi. Katiba ya Kenya ya 2010, ibara ya 47, inampa haki ya sababu za maandishi mtu ambaye haki yake imeguswa vibaya na uamuzi wa utawala. Sheria yao ya mwaka 2015 inakwenda mbali zaidi: ofisa akiombwa sababu akanyamaza, uamuzi wake unachukuliwa kuwa haukuwa na sababu nzuri, mpaka ithibitishwe vingine. Kwa maoni yetu Tanzania inakihitaji kifungu kama hicho, kwa sababu kinahamisha mzigo kwenda kwa mwenye faili.

Kinachowaangusha walalamikaji wengi ni namna malalamiko yalivyoandikwa. Kurasa nne za uchungu mfululizo ni rahisi kujibiwa kwa mistari miwili. Andika hoja kwa namba. Moja: tarehe fulani, meseji fulani, kwa nani. Mbili: sikutoa ridhaa namba za watu hao zilizo kwenye simu yangu zitumike kudai deni. Tatu: ninaomba nini. Hoja ya pili isipojibiwa, pengo linaonekana kwa macho. Tunza nakala yenye mhuri wa kupokelewa, kwa kuwa sheria inaipa Tume siku 90 za kuchunguza, zinazoweza kuongezwa, na hesabu inaanzia siku malalamiko yalipopokelewa. Jibu likija bila sababu, andika barua mara moja ukiziomba, ukitaja ibara ya 13(6)(a) na namba ya hoja iliyorukwa. Usikae kusubiri majibu huku muda wa rufani ukiyoyoma.

Ofisi inaweza kusema kuna siri: usalama wa nchi, au taarifa za mtu wa tatu. Wakati mwingine ni kweli. Hapo jina au aya inaweza kufichwa, ila kufunika barua nzima kwa ajili ya aya moja ni jambo jingine.

Na ujue unachokipata ukishinda kwa hoja hii ya kunyimwa sababu. Kwa kawaida mahakama haikupi fidia wala kumwamuru mkopeshaji afute namba. Inabatilisha uamuzi na kuurudisha ulikotoka ukaamuliwe upya, safari hii kwa kutoa sababu. Chombo kinaweza kukukatalia tena.