Teolojia ya matendo maana yake nini?

Kilio kilikuwa Kadutu, hapa Bukavu, mashariki mwa Kongo, kwenye mteremko ambako nyumba zimepandana kama ngazi. Mvua ya usiku ilishusha udongo, ukuta ukaangukia kitanda cha mtoto. Tulikaa chini ya turubai, na mhubiri akasema yale tunayoyasikia karibu kila kwenye msiba: "Tukubali, ni mapenzi ya Mungu." Mama wa mtoto aliinua kichwa, akauliza polepole: "Pasta, ni Mungu ndiye alitaka mtoto wangu afe?" Hakuna aliyejibu. Mtu akaanzisha wimbo.

Teolojia ya matendo inaanzia kwenye swali la mama yule.

Wengi hudhani ni kuchukua fundisho lililokwisha kuiva darasani na kulipaka maishani, kama dawa juu ya kidonda. Sivyo. Ni kufikiri kwa imani kunakoanzia katika yale kanisa linayoyafanya na yale waumini wanayoyapitia. Mambo hayo yanapelekwa mbele ya Neno la Mungu, halafu tunarudi tukiwa tayari kubadili tunachofanya. Mara nyingi tunarudi pia tumebadili tulichodhani tunakijua.

Mwaka 1811 mwanateolojia Mjerumani Friedrich Schleiermacher alipopanga masomo ya teolojia kama mti, teolojia ya matendo aliiona kuwa taji la mti mzima. Baada yake, kwa muda mrefu, ilibaki kuwa mafunzo ya kazi za mchungaji: kuhubiri, kufundisha wanaojiandaa kwa ubatizo, kutembelea wagonjwa. Kazi hizo bado zimo, lakini uwanja umepanuka. Mama anayepanga bei ya unga sokoni, mwalimu anayesahihisha mtihani wa mtoto wa jirani yake, wazee wa kanisa wanaoamua kama mjane anayedaiwa zamu yake ya likelemba, mchango wa kupeana kwa zamu, atahimizwa kutoa fungu la kumi: wote wako ndani yake.

Njia rahisi ya kuishika ina maneno matatu: kuona, kupima, kutenda. Aliyeieneza ni padri Mbelgiji Joseph Cardijn, aliyefanya kazi na vijana wafanyakazi wa viwandani, na Papa Yohane XXIII akaipendekeza katika barua yake ya mwaka 1961. Si mali ya Wakatoliki peke yao. Mpentekoste anaweza kuitumia asubuhi hii hii.

Turudi basi kwenye kilio.

Kuona ni kukataa kukimbilia jibu. Kwa nini familia ile ilijenga pale? Wengi wamejaa katika miteremko ya mji huu kwa sababu vita viliwafukuza vijijini, na parseli, yaani kiwanja, ya mahali tambarare hawawezi kuinunua. Miti iliyoshika udongo imekatwa. Mifereji imeziba kwa takataka, maji yakikosa njia yanapita nyumbani kwa mtu. Mchungaji asiyeshuka kuutazama mfereji ule atazika watoto wengine na kuhubiri maneno yale yale.

Kupima ndiko kunakotaka Biblia iliyofunguliwa kweli, si mstari mmoja uliokaririwa. Katika Luka 13 Yesu anataja watu kumi na wanane walioangukiwa na mnara wa Siloamu, akauliza kama walikuwa wakosefu kuliko wakazi wengine wa Yerusalemu. Akajibu mwenyewe: sivyo. Kisha akawageukia wasikilizaji na kuwaita watubu. Kwangu hilo ni zito: msiba wa jirani haukuwa nafasi ya kumhukumu aliyekufa, ulikuwa wito kwa walio hai. Nao rafiki za Ayubu walikaa naye chini siku saba mchana na usiku bila kusema neno, kwa kuwa waliona uchungu wake ni mkuu. Walikosea walipoanza kumweleza sababu. Ukiyasoma hayo mawili pamoja, utasita kabla ya kutamka "mapenzi ya Mungu" mbele ya mama aliyefiwa.

Na kutenda? Hapo kila kanisa litaona lake: kuzibua mifereji, kuipa hifadhi familia iliyobaki bila ukuta, kwenda kwa viongozi wa mtaa kudai viwanja visiuzwe kwenye korongo.

Mfano mkubwa zaidi tunao mjini humu. Denis Mukwege, mzaliwa wa Bukavu, baba yake alikuwa mchungaji wa Kipentekoste. Akiwa mtoto alifuatana na baba kumwombea mtoto mgonjwa. Walipotoka akamuuliza kwa nini hakumpa dawa. Baba akajibu kwamba yeye si daktari. Denis akaamua kwamba baba ataomba na yeye atatibu. Akawa daktari. Hospitali ya Panzi aliyoianzisha ilianza mwaka 1999 chini ya jumuiya ya Kipentekoste ya CEPAC, na mwaka 2018 akapewa Tuzo ya Nobel ya Amani. Pale, mwanamke aliyebakwa hapati upasuaji tu. Anapata pia wa kumsikiliza, msaada wa sheria na namna ya kujitegemea tena. Naona humo fundisho zima kuhusu mtu aliyeumbwa kwa mfano wa Mungu, lakini limeandikwa kwa mikono.

Ila matendo peke yake hayatoshi kuitwa teolojia. Kanisa linaweza kugawa unga na mablanketi mwaka mzima bila kujiuliza hata mara moja Mungu ni nani katika jambo hilo. Na anayepokea hutambua haraka kama ameonekana kama ndugu au amehesabiwa tu kwenye orodha.

Mchungaji yule wa Kadutu alirudi kwa mama wiki mbili baadaye, bila mahubiri. Alikaa juu ya kigoda, akamwambia: "Mama, siku ile nilisema vibaya. Unisamehe." Mama alinyamaza muda mrefu, kisha akaanza kumsimulia mtoto alivyokuwa: alivyopenda kuimba, alivyoogopa radi. Siku hizi, kabla ya msiba wowote wa kanisa lile, wazee humwuliza mhubiri kwanza anakusudia kusema nini.