Je, wajua kwa nini jina Mabruki limekuwa adimu Nairobi?

Katika kliniki moja ya watoto mtaani Eastleigh, muuguzi aliita jina la mtoto aliyekuwa akisubiri chanjo, na hakuna aliyeitika. Aliita "Mubaraka", kisha "Mbaruku", na mara ya tatu akakisogeza kile kitabu cha kliniki karibu na macho na kulisoma jina silabi kwa silabi. Ndipo mama mmoja kijana alipoinuka na mwanawe mgongoni, akamwambia kwa upole, "Ni Mabruki, sista." Muuguzi akalirudia, akasema ni jina zuri ila hajapata kulisikia, kisha akaendelea na kazi yake.

Nimelifikiria jina hilo tangu siku ile, kwa sababu halikustahili kuwa geni. Mji huu umejaa watoto wanaoitwa Baraka, nyumba za Waislamu zina Mubarak na Mbarak wengi, na kila Idi inapofika watu wa dini zote hutumiana salamu za "Idi Mubarak". Mabruki ni ndugu wa tumbo moja na majina hayo, maana yake ni ileile, na zamani lilikuwa miongoni mwa majina yaliyosikika sana katika misafara iliyotoka pwani kwenda bara. Kwa nini basi wenzake wamesitawi na lenyewe likabaki kwa wachache?

Tuanze na maana. Jina hili limetoka katika Kiarabu, kwenye mzizi wa herufi tatu, yaani b, r na k, na limeundwa kwa mtindo wa kutaja mtu au kitu kilichotendewa jambo. Anayesema Kiswahili anaufahamu mtindo huo hata kama hajawahi kufundishwa, kwa kuwa maneno kama maarufu, mashuhuri, maalumu na mahabusu yametoka katika kalibu hiyohiyo. Maarufu ni aliyejulikana, mahabusu ni aliyefungwa, na Mabruki ni aliyebarikiwa. Ile "i" ya mwisho tumeiongeza sisi, kwani Kiswahili hakipendi neno liishie kwa konsonanti. Mtoto wa kike huitwa Mabruka, na katika nchi za Kiarabu neno "mabruk" ndilo la kumpongeza mtu aliyefunga ndoa, aliyepata mtoto au aliyefaulu mtihani.

Wanaoshikilia sarufi ya Kiarabu fasaha wana neno la kusema hapa. Kwao, aliyebarikiwa ni mubarak, kwa sababu ndilo umbo linalotokana na kitenzi cha kubariki, ilhali mabruk linatokana na kitenzi kilicho sahili zaidi, ambacho maana yake ya kwanza ni ngamia kupiga magoti na kutulia mahali pamoja. Maana hizo mbili hazikuachana mbali. Baraka, kwa fikra za watu wa jangwani, ni heri inayokuja ikatulia isiondoke. Kutokana na mzizi huohuo Waarabu huita bwawa "birka", yaani mahali maji yanapotulia, na sisi tukapata birika la msikitini ambamo waumini huchota maji ya kutawadhia, na birika ya Siloamu ambayo wasomaji wa Biblia wanaijua kutoka Injili ya Yohana. Birika la chai halimo katika ukoo huu, kwani asili yake ni neno jingine.

Mubarak lina heshima nyingine kubwa, nayo ni kwamba limo ndani ya Kurani. Katika Sura Maryam, Nabii Isa akiwa mtoto mchanga anasema kwamba Mwenyezi Mungu amemjaalia kuwa mubarak popote alipo. Umbo la mabruk halimo. Kwa hiyo mzazi aliyesoma dini, akitaka mwanawe awe na jina lenye maana hii, mkono wake huelekea kwenye Mubarak bila shida. Hata hivyo naamini kwamba sarufi na kisomo peke yake visingetosha kulifanya jina liwe adimu kiasi hiki. Sababu iliyo nzito zaidi imo katika historia ya watu waliolibeba.

Mwaka 1857 Waingereza wawili, Richard Burton na John Hanning Speke, walianza safari ya kutoka pwani ya Zanzibar kuelekea maziwa ya bara. Miongoni mwa waliowatumikia walikuwamo Wayao wawili waliochukuliwa utumwani. Mmoja alikuwa Sidi Mubarak, aliyepelekwa India akiwa mtumwa, akarudi Afrika akiwa huru, na kwa sababu ya mji alioishi huko akajulikana kwa jina la Bombay. Huyo Bombay ndiye aliyemtafutia kazi rafiki yake Mabruki. Mubarak alikuwa huru, lakini Mabruki alikuwa bado ni mtumwa wa shehe mmoja Mwarabu wa Unguja, ambaye alikubali kumkodisha kwa wazungu hao kwa dola 5 kwa mwezi. Hebu msomaji atue hapa kidogo. Mtu ambaye jina lake lilitangaza kila alipoitwa kwamba amebarikiwa alikuwa akipangishwa kama nyumba, na bei yake ikaandikwa daftarini.

Mabruki huyo alitembea sana. Mwaka 1871, Henry Morton Stanley alipotoka Bagamoyo kumtafuta David Livingstone, aliwaajiri watu kadhaa waliokuwa wamesafiri na Speke, wakiwemo Uledi, Ulimengo, Baruti, Ambari na Mabruki, huku Bombay akiwa nahodha wa msafara. Katika vitabu vya wasafiri yeye anajulikana kama Mabruki Speke, na hilo ndilo linalonisikitisha zaidi. Jina lake la kwanza lilikuwa jina la kitumwa, na la pili ni la mwajiri wake. Jina alilopewa na mama yake kwao Uyao halikuandikwa.

Ndivyo mambo yalivyokuwa pwani. Mtu aliyeletwa kutoka bara alinyang'anywa jina lake na kupewa jingine, na mara nyingi jina hilo lilieleza kile ambacho mwenye kumiliki alitamani kukipata nyumbani mwake: Baraka, Bahati, Faida, Sudi, Mabruki. Wengine waliitwa kwa vitu vya thamani, kama Almasi, Feruzi na Marjani. Waungwana, kwa upande wao, walipendelea kuwapa watoto wao majina ya mitume, ya masahaba na ya mababu zao, na baada ya jina likafuata "bin", likamtaja baba, babu na ukoo. Mtumwa hakuwa na "bin" wa kumtaja. Jamii iliyosikiliza majina kwa makini namna hiyo iliweza kumtambua mtu daraja lake kabla hajaketi.

Jambo la kustaajabisha ni kwamba mzizi mmoja ulitumika katika madaraja yote mawili, na tofauti ikawa ya umbo tu. Kiongozi wa Wamazrui wa Gazi aliyewapiga vita Waingereza mwaka 1895 na 1896, kisha akakimbilia upande wa Wajerumani, alikuwa Mbaruk bin Rashid. Baadaye Liwali wa Pwani alikuwa Mbarak Ali Hinawy. Hao ni watu wa nasaba, na majina yao ni Mubarak lililokatwa kidogo kwa matamshi ya Kiswahili. Sisemi kwamba hakuna muungwana aliyewahi kuitwa Mabruki, kwani majina hayana ukuta. Lakini sikio la pwani lilijua Mbaruk anatoka wapi na Mabruki anatoka wapi.

Biashara ya watumwa ya baharini ilipigwa marufuku kwa mkataba wa mwaka 1873, utumwa wenyewe ukafutwa kisheria Unguja na Pemba mwaka 1897, na katika pwani ya Kenya mwaka 1907. Waliokuwa watumwa, na hasa watoto wao, walikuwa na kila sababu ya kuchagua majina mapya. Waliopelekwa Frere Town karibu na Mombasa, makao ambayo wamisionari waliyaanzisha mwaka 1875 kwa ajili ya watu waliokombolewa, walibatizwa kwa majina ya Kikristo. Waliobaki katika Uislamu waliwapa watoto wao majina ambayo yasingemfanya mtu yeyote aulize walitoka kwa nani. Baba aliyeitwa Mabruki alimwita mwanawe Ali, au Salim, au Muhammad, na sidhani kuna mtu wa kumlaumu.

Je, mbona Baraka, ambalo nalo lilikuwa jina la watumwa, limeokoka? Nadhani limeokolewa na kanisa. Neno baraka liliingia katika Biblia, katika nyimbo na katika sala za kila siku, likawa neno la Kiswahili lisilo la dini moja, na wazazi wa bara waliolichukua hawakujua lolote kuhusu historia yake ya pwani. Lilipata hata shujaa wa kulipa nguvu, kwa sababu katika Kitabu cha Waamuzi yumo Baraka mwana wa Abinoamu, aliyekwenda vitani pamoja na Debora. Jina la shujaa huyo kwa Kiebrania maana yake ni umeme wa radi, na halihusiani na kubariki, ila Kiswahili kimeyaweka majina mawili katika chungu kimoja. Kisha likaja Barack, umbo lililopitia nyumba ya Mjaluo aliyesilimu, Hussein Onyango Obama, na mjukuu wake aliposhinda uchaguzi wa Marekani, Kenya ilipumzika kazi tarehe 6 Novemba 2008. Mabruki halikupata kanisa wala rais.

Hata hivyo halikufa, na Nairobi ina sehemu yake katika kulihifadhi. Reli ilipofika hapa mwaka 1899, watu wa pwani walikuja nayo, na wengine walikuwa wamewahi kupita na misafara. Walijenga katika vijiji vya kwanza vya mji, kama Pangani, na baadaye wakahamia Pumwani na Shauri Moyo serikali ilipovibomoa vijiji hivyo. Walikuja na majina yao. Kwa desturi ya Kenya kitambulisho hubeba mara nyingi majina matatu, la mwenyewe, la baba na la babu, na hapo ndipo Mabruki linapokutwa zaidi siku hizi: mwishoni, baada ya majina mawili ya kawaida, ambapo karani hulidhania kuwa ni jina la ukoo. Yule mama wa kliniki, tulipokuwa tukisubiri dawa, aliniambia kwamba kwenye kitambulisho cha mumewe jina hilo lilikuwa la tatu, na kwamba ni mama mkwe wake aliyeomba lirudishwe mbele.