Koti la Pikipiki Limechelewa: Tazama Kwanza Mliandikiana Nini

Mvua za vuli zikikaribia, dawati letu la malalamiko ya walaji huanza kupokea waendesha pikipiki waliotoa oda ya mavazi ya kushonewa, wakalipa, kisha wakaambiwa "njoo wiki ijayo" mpaka wakachoka kuhesabu wiki. Wapo bodaboda wa kijiwe kimoja waliochangishana fedha za rifleta zenye jina la kijiwe mgongoni. Wapo wanaosambaza vifurushi mjini, waliotaka koti la mvua lenye mfuko wa simu usiopitisha maji. Na wapo wenye pikipiki kubwa, wa safari za Dar es Salaam hadi Iringa na Mbeya, walioagiza suti za ngozi nje ya nchi kwa vipimo vyao wenyewe. Malalamiko ya aina hii yanaongezeka, na mengi yanakwama mahali pale pale. Ndiyo maana tumeona tuyaeleze hadharani badala ya kurudia maelezo kwa kila anayeingia ofisini.

Tuanze na ombi tunalolisikia kuliko yote: "Mkamateni huyu fundi." Dawati la malalamiko halikamati mtu. Hata polisi, kazi yao si kukusanya madeni ya watu binafsi. Fundi aliyepokea fedha yako kwa nia ya kushona, akazidiwa na kazi au akakosa kitambaa, amevunja mkataba, na kuvunja mkataba ni jambo la madai. Jinai inaingia pale ambapo kulikuwa na uongo tangu mwanzo kuhusu jambo lililokuwepo siku ile: alikuonyesha karakana isiyo yake, alisema ngozi tayari iko stoo wakati hana hata kipande, alijiita wakala wa kiwanda asichokijua. Hapo Kanuni ya Adhabu ina kosa la kujipatia mali kwa njia ya udanganyifu, na adhabu yake inaweza kufika kifungo cha miaka 7. Lakini ukienda kituoni na malalamiko ya ucheleweshaji tu, ukaambiwa "hilo ni la madai", usiondoke ukidhani askari amehongwa. Amekueleza sheria.

Sasa tuje kwenye tarehe, kwa sababu karibu kila shauri linasimama au kuanguka hapo.

Kifungu cha 55 cha Sheria ya Mikataba ya Tanzania, Sura ya 345, kinatenganisha hali mbili. Ya kwanza ni pale ambapo wahusika walikusudia muda uwe msingi wa mkataba wao. Tarehe ikipita bila kazi kukabidhiwa, aliyeahidiwa anaweza kuuvunja mkataba na kudai alichotoa. Ya pili ni pale ambapo muda haukuwa msingi. Hapo huwezi kuuvunja mkataba kwa sababu tu tarehe imepita. Unachoweza kudai ni fidia ya hasara uliyoipata kutokana na ucheleweshaji. Na kama hamkutaja tarehe kabisa, fundi anapaswa kumaliza ndani ya muda unaostahili kulingana na kazi yenyewe. Muda huo ni upi? Hapo ndipo mabishano yanapozaliwa. Rifleta 20 za kitambaa zina muda wake, na suti ya ngozi yenye pedi za mabega na magoti ina muda mwingine. Wewe utasema wiki mbili zinatosha, yeye atasema miezi miwili, na hakuna karatasi ya kuwaamua.

Kwa hiyo andikeni tarehe. Usiandike "mwisho wa mwezi" wala "kabla ya sikukuu", maana mwisho wa mwezi wa fundi na wako haulingani. Andika: "Kazi itakabidhiwa tarehe 1 Novemba. Muda ni msingi wa makubaliano haya. Ikipita tarehe hiyo, mteja anaweza kusitisha oda na kurudishiwa fedha yake yote." Sentensi tatu zinatosha. Zikiandikwa kwenye daftari la fundi na nyote mkasaini, ni mkataba. Zikiandikwa kwenye ujumbe wa simu na yeye akajibu "nimekubali", ni mkataba pia. Wananchi wengi bado wanaamini kwamba bila mhuri wa mwanasheria hakuna mkataba. Si kweli. Hata makubaliano ya mdomo yanaweza kuwa mkataba halali. Ugumu ni kuyathibitisha. Na tangu Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015, ujumbe haukataliwi mahakamani kwa sababu tu ni wa kielektroniki. Tunza simu yenye ujumbe wenyewe. Picha ya skrini uliyotumiwa na rafiki, isiyoonyesha namba wala tarehe, inatupa kazi bure.

Baada ya tarehe kupita ndipo watu wanapoharibu mashauri yao kwa ustaarabu. Fundi anaandika: "Kaka samahani, uzi wa darizi umeisha, nivumilie mpaka Ijumaa." Mteja anajibu: "Hamna shida fundi." Ijumaa inafika, fundi anaomba Jumatatu, mteja anaandika "poa". Kisheria, aliyeahidiwa ana uhuru wa kuongeza muda, na wewe umeuongeza mara mbili kwa maandishi yako mwenyewe. Ukija kwetu kulalamika kuhusu tarehe ya kwanza, tutafungua simu yako na kuikuta "hamna shida" imekaa pale. Tunaelewa kwamba ni lugha ya heshima tu, nasi tunaitumia kila siku. Ila kama shida ipo, sema ipo. Andika: "Nimepokea maelezo yako. Tarehe yetu ilikuwa 1 Novemba na sijaifuta. Nakupa mpaka tarehe 8 Novemba, na haki zangu za ucheleweshaji zinabaki palepale." Hujamtukana mtu, na hujapoteza kitu.

Jambo hilohilo linajirudia siku ya kupokea. Kifungu cha 55 kinaendelea kusema kwamba ukiwa na haki ya kuuvunja mkataba kwa ajili ya kuchelewa, nawe ukapokea kazi iliyochelewa, huwezi tena kudai fidia ya ucheleweshaji huo isipokuwa kama wakati wa kupokea ulimpa fundi taarifa kwamba unakusudia kudai. Wakati wa kupokea, si wiki moja baadaye ulipoongea na shemeji yako anayejua sheria. Kwa hiyo unapochukua koti, andika palepale: "Napokea koti hili leo tarehe 20 Novemba. Lilipaswa kukabidhiwa tarehe 1. Kupokea kwangu hakufuti haki yangu ya kudai fidia." Fundi akikataa kusaini, mtumie kwa ujumbe kabla hujaondoka dukani.

Fidia yenyewe nayo ina mipaka, na hapa tunaomba tuelewane vizuri. Unalipwa hasara iliyotokana moja kwa moja na kuchelewa, au ile ambayo wote wawili mlijua, mlipokubaliana, kwamba ingeweza kutokea. Kama ulikuwa na safari ya kikundi kwenda Kigoma na hukumwambia fundi, usitegemee kumdai gharama za hoteli uliyoshindwa kulala. Mwambie mapema, iandikwe kwenye oda: "Kwa safari ya tarehe fulani." Hasira, usumbufu na "muda wangu mwingi umepotea" havina risiti.

Vilevile wapo wanaoandikiana kwamba fundi akichelewa atalipa mara mbili, au elfu hamsini kwa kila siku. Kuandika hivyo hakukatazwi. Lakini kifungu cha 74 cha sheria hiyohiyo kinaipa mahakama mamlaka ya kutoa fidia inayostahili tu, isiyozidi kiasi mlichotaja. Kiasi hicho ni dari, si mshahara wa uhakika. Mtu aliyelipa shilingi 180,000 kisha akatuletea hesabu ya shilingi milioni 3 za faini za kila siku, tunalazimika kumrudisha kwenye hesabu ya hasara halisi.

Kwa haki ya mafundi, lazima tuseme pia kwamba sehemu ya ucheleweshaji hutoka kwa wateja. Vazi la pikipiki halipimwi kama suti ya harusi. Mtu akipimwa amesimama wima, mikono imening'inia, koti litakaa vizuri dukani, ila akishika usukani mikono ya koti inapanda juu na mgongo unafunuka. Vipimo vya kutuma kwa simu vilivyopimwa na mke au rafiki kwa futi ya rula huleta marekebisho, na marekebisho yanakula wiki. Wengine hubadilisha rangi kitambaa kikiwa kimeshakatwa, kisha wanahesabu siku tangu oda ya kwanza. Ukibadilisha oda, umebadilisha na tarehe.

Upande wa mafundi, tatizo ni moja na wao wenyewe wanalikiri: advansi ya mteja wa leo inanunua malighafi ya mteja wa mwezi uliopita. Mnyororo huo ukikatika mahali pamoja, kila aliye nyuma anachelewa. Njia nyepesi ya kujilinda ni kulipa kwa hatua. Toa kiasi cha malighafi kwanza, uione ngozi au kitambaa chenyewe kikiwa na jina lako, kisha ulipe sehemu ya pili vazi likiwa tayari kwa kujaribiwa, na la mwisho unapolichukua. Na kila hatua iwe na risiti. "Ukiuza toa risiti, ukinunua dai risiti" si wimbo wa kodi peke yake. Ile risiti ndiyo ushahidi wako wa kwanza. Ujumbe wa muamala wa simu unaonyesha kwamba fedha ilitoka kwako ikaenda kwa fulani. Hausemi ilikuwa ya nini.

Wanaoagiza nje wana mambo ya ziada. Suti nyingi za ngozi za kushonewa kwa vipimo hutoka Sialkot, mji wa Pakistan unaojulikana kwa mipira ya miguu na bidhaa za ngozi. Usihesabu siku za kushona pekee. Kazi hupungua mwezi wa Ramadhani na karakana hufungwa wakati wa Idi, kisha mzigo una safari na forodha. Tangu Julai 2022 Jumuiya ya Afrika Mashariki ina daraja la ushuru la asilimia 35 ambalo linagusa nguo na bidhaa za ngozi, na juu yake kuna VAT ya asilimia 18. Suti iliyofika ikiwa na thamani ya shilingi 500,000 pamoja na usafiri na bima inaweza kudaiwa ushuru wa 175,000, kisha VAT ya 121,500 kwa kuwa inapigwa kwenye jumla ya 675,000. Ni shilingi 296,500 kabla ya tozo nyingine. Mzigo uliokaa forodhani kwa sababu mwenyewe hakujiandaa kulipa haujacheleweshwa na muuzaji. Taja pia kwenye oda kiwango cha ubora cha pedi za kinga, kwa namba za viwango vya Ulaya: EN 1621-1 kwa mabega, viwiko na magoti, EN 1621-2 kwa mgongo. Muuzaji anayekimbizana na muda hushawishika kuweka sponji ya kawaida, na kwa macho huwezi kuitofautisha. Tungependa mtu asubiri mwezi mzima zaidi kuliko aanguke barabarani na sponji.

Mzigo wa kutumwa mkoani kwa basi nao unahitaji neno moja. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, kwa kawaida, huchukulia kwamba muuzaji akimkabidhi msafirishaji mzigo kwa ajili yako, amekukabidhi wewe. Kama unataka fundi wa Kariakoo abebe dhamana mpaka mzigo ufike stendi ya Mwanza, iandikwe hivyo.

Ukifuata haya yote na bado hujapata vazi wala fedha, utaratibu ni huu. Mpe fundi notisi ya maandishi yenye tarehe, kiasi na muda wa kujibu. Siku 14 ni muda wa haki. Kama kuna matangazo ya uongo au mwenendo wa kupotosha wateja, peleka malalamiko Tume ya Ushindani (FCC), ukiwa na nakala na si hadithi. Kama unachotaka ni fedha yako, Mahakama ya Mwanzo husikiliza madai ya mkataba yasiyozidi shilingi milioni 30, na unaweza kujieleza mwenyewe kwa Kiswahili bila wakili. Ukomo wa kufungua madai ya mkataba ni miaka 6, ila usikae nayo. Mafundi huhama fremu, na namba za simu hufungwa.

Mwezi uliopita alikuja bodaboda mmoja na koti jeusi la mvua lililochelewa wiki 5. Alikuwa na tarehe iliyosainiwa, na alipokea kwa kuandika pingamizi. Tukamwita fundi, akaja bila kulazimishwa. Tulimwomba kijana avae koti, akae kwenye kiti kwa kukigeuza, aushike mgongo wa kiti kama usukani. Mikono ya koti ikapanda mpaka saa yake ikaonekana yote. Fundi hakubisha, alitoa tepu mfukoni, akampima upya akiwa amekaa vilevile, mikono mbele. Mkono wa koti ulikuwa sentimita 62, akaandika 67. Walikubaliana apunguze shilingi 20,000 kwa ajili ya kuchelewa na akabidhi baada ya siku 6, na safari hii tarehe aliiandika fundi mwenyewe.